Ndege 6, ratiba inataka 5 kila asubuhi: zinatosha msimu wa Juni hadi Oktoba?

Mpangaji_T1: Habari zenu wakuu. Niko kitengo cha ratiba kwenye kampuni ya ndege ndogo hapa Dar, Terminal 1, tunaruka Zanzibar, Mafia na mbugani kule Nyerere na Ruaha. Tuna Cessna Caravan 6, ratiba inataka 5 kila siku. Bosi anauliza zinatosha au tukodi ya 7. Nimepiga Eksel, tuseme kila ndege iko fiti asilimia 90 ya siku zote, 6 mara 0.9 ni 5.4, so zinatosha, ila roho haitulii. Nasikia mashirika makubwa wanatumia simulesheni, yaani kuigiza msimu mzima kwenye kompyuta, hivi kwa ndege 6 ina maana yoyote?

takwimu_mbagala: Mkuu hiyo 5.4 ni wastani, na abiria hapandi wastani. Kwa hiyo 90 yako, uwezekano wa kupata angalau 5 asubuhi ni kama asilimia 89 tu. Juni mpaka Oktoba ni siku 153, ina maana kama siku 17 unapungukiwa ndege, na hizo ndo siku hoteli zimejaa. Ukiongeza ya 7 unafika 97. Na hapo tumechukulia kila ndege inaharibika kivyake bila kuhusiana na mwenzake, kitu ambacho mafundi watakukatalia.

fundi_hanga: Nakataa kweli 🙌🏾 Ndege haziharibiki kivyake jamani. Kuna ukaguzi wa masaa 100, kama kila moja inaruka masaa 5 kwa siku basi ndani ya siku 20 imefika, na kama zote 6 zilianza pamoja zitakuja kugonga hodi hangani (banda la matengenezo) wiki moja, wakati nafasi ni ya ndege moja na fundi mwenye leseni ya kusaini ni huyohuyo. Zipishanishe, kila moja iwe nyuma ya mwenzake masaa kama 17. Lakini hata hapo, kila siku ya 3 au ya 4 moja inaingia, ukaguzi tuseme unakula siku 2, kwa hiyo hanga lina ndege zaidi ya nusu ya siku zote, na ikitokea hitilafu ya ghafla siku hizo hiyo ndege inasubiri nje hata kama kazi yenyewe ni ya masaa mawili. Eksel yako haiioni hiyo foleni.

takwimu_mbagala: Umemaliza. Na hapo ndo simulesheni inapokuja, hata kwa ndege 6. Chukua Python, lugha ya kuandikia programu, na SimPy, maktaba yake ya simulesheni, ni bure, kila ndege ipe masaa iliyobakiza kabla ya ukaguzi, kila siku irushe kete ya hitilafu, hanga liwe na nafasi 1, halafu endesha msimu mzima mara 1000. Usiangalie wastani tena, angalia ile misimu mibaya kabisa ilikuwaje. Kisha badilisha kitu kimoja kimoja: nafasi ya pili hangani, spea za ziada stoo, ndege ya 7. Inawezekana kabisa fundi wa pili akakupa siku nyingi kuliko ndege ya kukodi, na kwa bei nafuu zaidi. Ila kabla ya kumpelekea bosi, iendeshe kwa data ya msimu uliopita uone kama inatoa kilichotokea kweli.

Mpangaji_T1: Asanteni sana aisee. Data yetu iko kwenye vitabu vya logi vya karatasi, nianze kutoa nini?

fundi_hanga: Kwa kila hitilafu andika tarehe 4: ilipolala, tatizo lilipojulikana, spea ilipofika, iliporudi kazini. Usiziunganishe kuwa namba moja ya "siku chini". Angalia ndege za Airbus A220, zenye injini za Pratt & Whitney PW1500G, zilivyolala nchi mbalimbali, zilikuwa zinasubiri injini, ungeongeza mafundi 20 zisingeruka. Kwako pia tenga kusubiri spea na kazi ya mikono, maana dawa zake ni tofauti. Na ukaguzi mkubwa wote usukume kwenye masika, Aprili viwanja vya mbugani vinakuwa tope na safari ni chache.