Kozi za "kuza pauni 100 kwa farasi" ni wizi wa mchana kweupe. Naweka hesabu hapa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Kila nikifungua simu nakutana na jamaa kaweka picha ya skrini imejaa kijani, anasema alianza na pauni 100 na sasa anaishi kwa mbio za farasi za Uingereza bila hata kujua farasi gani atashinda. "Sisi hatubeti, tunafanya biashara." Chini yake linki ya kulipia. Nikalipia. Nikaingizwa kwenye kundi, nikapewa video na jedwali la kukuza mtaji, na nilipoanza kuuliza maswali ya maana nikatolewa kundini usiku uleule. Jina la mwalimu silitaji. Simwogopi, ila wako wengi wenye somo lilelile neno kwa neno, na nikimtaja mmoja wenzake watapumua.

Wasimamizi, tafadhali msiuhamishie huu uzi kule kwa mikeka. Hili ni suala la utapeli.

Kwa asiyejua mambo haya, kwa kifupi. Kuna masoko ya kubadilishana madau, na Betfair ndiyo iliyoyapa umaarufu tangu mwaka 2000. Pale hushindani na kampuni, unashindana na mbetaji mwenzako, na kampuni inakata kamisheni kwa anayeshinda. Unaweza kuweka pesa kwamba farasi atashinda, ndiko kubeki. Au unakaa upande wa pili kwamba hashindi, ndiko kulei. Odi, yaani bei ya farasi (ukibeki pauni 1 kwenye 3.50 na akashinda, inarudi pauni 3.50), zinapanda na kushuka hata kabla mageti hayajafunguka. Ukibeki kwenye 3.50, kisha ukalei farasi yuleyule kwenye 3.45 kwa dau kubwa kidogo, umeshafunga faida hata akimaliza wa mwisho. Hili ni kweli kabisa. Na ndiyo maana utapeli wao unashika, kwa sababu msingi wake si uongo.

Sasa tufanye hesabu ambayo hakuna video hata moja iliyoifanya hadi mwisho.

Unabeki pauni 20 kwenye 3.50. Bei inashuka ngazi moja hadi 3.45 (kati ya odi 3 na 4 kila ngazi ni 0.05). Ili faida iwe sawa kwa farasi yeyote atakayeshinda, unalei pauni 20.29. Umepata peni 29. Kama akaunti yako inakatwa kamisheni ya asilimia 5, unabaki na peni 27 na ushee. Hiyo ndiyo "trade safi" anayoishangilia mwalimu kwenye video huku muziki ukipigwa.

Sasa bei iende kinyume. Farasi anaanza kutoka jasho akizungushwa kabla ya mbio, watu wanamkimbia, na ndani ya sekunde chache bei iko 3.70. Ngazi nne tu. Ukifunga hapo umepoteza pauni 1.08, na kwenye hasara hakuna wa kukurudishia kamisheni uliyokatwa kwenye mbio zilizopita. Kosa moja la ngazi nne limekula ushindi wa karibu mara nne. Na ngazi nne si tufani, ni upepo wa kawaida dakika mbili kabla ya mbio.

Jedwali lao linasema kuza mtaji kwa asilimia 2 tu kwa siku, "hata mvivu anaweza". Asilimia 2 ya pauni 100 ni pauni 2. Kwa peni 27 unahitaji ushindi 8 mfululizo bila kuteleza hata mara moja, kila siku ya Mungu. Basi ongeza dau, utasema. Haya, weka mtaji wote wa pauni 100: ngazi moja inakupa pauni 1.38 baada ya kamisheni, na ngazi nne kinyume zinakunyang'anya pauni 5.41. Uwiano ni uleule, ila sasa unacheza na roho yako.

Na nani aliwahi kulifuata hilo jedwali hadi mstari wa chini kabisa? Pauni 100 kwa asilimia 2 kila siku, mwaka mzima, ni zaidi ya pauni 137,000. Mwalimu mwenye uwezo huo anahangaika kukuuzia kozi kwa nini? Halafu hizo laki anaziweka wapi? Mbio za jioni za kawaida pale Wolverhampton au Southwell si Grand National, ile mbio maarufu ya Uingereza. Kwenye kila bei unakuta mamia ya pauni yamekaa, na ukija na mzigo mkubwa wewe mwenyewe ndiye unayeisukuma bei ikukimbie. Jedwali linakua kana kwamba upande wa pili kuna mtu asiyechoka kupokea pesa zako.

Kuhusu hatari ya kulei hawasemi kabisa. Video zinaonyesha "lei farasi dhaifu, mara nyingi hawashindi". Ni kweli hawashindi mara nyingi. Lakini ukilei pauni 10 kwenye odi 12, soko linafunga pauni 110 za akaunti yako, maana hizo ndizo utakazolipa akishinda. Mtaji wako ni 100. Oda inakataliwa hata kabla hujaanza kuota. Kwenye kundi watu walikuwa wanauliza "mwalimu, mbona inagoma?" na jibu lilikuwa "ongeza salio". Ongeza salio! Si ulisema pauni 100 zinatosha?

Lililonichoma kuliko yote ni hili, na naomba mlisome taratibu. Programu nyingi za kufanyia hii biashara zina hali ya mazoezi, yaani unacheza na bei halisi lakini pesa za kubuni. Ni kitu kizuri kwa kujifunzia. Tatizo ni foleni. Kwenye soko la kweli, oda yako inapanga mstari nyuma ya waliotangulia kwenye bei ileile. Tuseme unataka kubeki kwenye 3.50 na mbele yako kuna pauni 640. Huguswi mpaka hizo 640 ziliwe zote. Na zinaliwa lini? Watu wanapomkimbia farasi na kulei kwa nguvu, yaani bei ikiwa njiani kwenda 3.55. Maana yake unaingia pale ambapo hukupaswa kuingia. Kwenye kutoka ni kinyume chake: bei inagusa 3.45, inawahudumia wa mbele, inarudi juu, wewe umekaa na oda yako kama abiria aliyeachwa na basi. Hali ya mazoezi inaweza kukuhesabia umepata mara tu bei inapogusa. Ndiyo maana mazoezini kila mtu bingwa.

Nilirudia video za mwalimu nikiangalia zile ngazi za bei tu, nikaacha kusikiliza maneno. Oda zake zinajaa papo hapo huku kiasi kilichokuwa mbele yake hakijapungua hata pauni. Kwenye soko la kweli haiwezekani. Kona ya juu ya skrini, pale ambapo programu huandika kwamba uko kwenye mazoezi, ameweka nembo yake ya kundi. Nikauliza kwa adabu: "Mwalimu, hii ni pesa halisi?" Ujumbe ukafutwa. Nikauliza tena. Ndiyo usiku ule nilitolewa.

Kuna jambo jingine alisema halipo duniani: "Ukifuata kanuni, huwezi kubaki ndani mbio zikianza." Sikilizeni. Wolverhampton, mbio za jioni chini ya taa. Nimebeki kipenzi cha watu pauni 20 kwenye 3.50, oda ya kulei iko 3.45 inasubiri foleni. Farasi wa pili kwa bei anagoma kuingia getini. Wanamsukuma, wanamfunika macho, wanamzungusha, anapiga mateke. Muda wa kuanza umepita. Bei zimeganda kwa sababu kila mtu anasubiri. Mwishoni wanaamua aondolewe. Soko linafungwa, na oda yangu ya kulei ambayo haikuwa imepata mtu inafutwa. Ile iliyokwishapata mtu inabaki, ila bei yake inakatwa kulingana na nafasi ya kushinda aliyokuwa nayo farasi aliyeondoka: kwa kiwango cha asilimia 20, 3.50 inakuwa 2.80. Hiyo ni sheria na ni ya haki, sina ugomvi nayo. Ila soko lilipofunguliwa tena farasi walikuwa wameshatoka getini.

Mbio zikishaanza, oda inacheleweshwa kwa makusudi kabla ya kupokelewa, na picha unayoitazama iko nyuma ya uwanja. Kuna watu wanarusha droni karibu na viwanja vya mbio ili waone kabla ya televisheni, na hao ndio unaoshindana nao ukiwa na simu yako na bando la wiki. Ninapoona kipenzi yuko wa tatu, soko limeshajua yuko wa tano na bei imeruka juu ya 6. Pauni 20 zote zikaenda. Hizo ni sawa na zaidi ya "trade safi" 70. Nikapeleka kundini na picha. Jibu la msaidizi wake: "Hukufuata kanuni namba tatu." Kanuni namba tatu inasema toka kabla mbio hazijaanza. Nimtoe farasi getini mimi?

Na ile "siri ya pesa nzito" wanayouza kama somo la daraja la juu, kwa malipo ya ziada bila shaka. Wanasema angalia upande wenye pesa nyingi zinazosubiri, ndiko bei inakokwenda. Aliyekaa sokoni hata kidogo anajua mzigo mnene hutokea upande wa kubeki, wadogo wanaukimbilia na kubeki mbele yake, na bei ikikaribia kuugusa unatoweka kama haukuwahi kuwepo. Mwenye mzigo alitaka kulei tangu mwanzo, na nyinyi mliobeki ndio mmempokea. Pesa inayoonekana kwenye skrini si ahadi. Tarehe 28 Desemba 2011 kule Leopardstown, Ireland, mbio zikiendelea, roboti moja ya kubeti (programu inayobeti yenyewe) ilimwaga oda ya kumlei Voler La Vedette kwenye odi 29, pesa iliyoonekana ikizidi pauni milioni 20, na farasi akishinda ingelazimika kulipa karibu pauni milioni 600. Farasi akashinda. Ikaja kubainika akaunti yenyewe haikuwa na hata pauni 1,000, mfumo ulikosea ukaruhusu, na Betfair ikafuta madau yote ya mbio zikiendelea. Walioamini wameshinda wakabaki wanatazama skrini.

NYONGEZA: Mdau mmoja hapo chini anasema nina wivu, kuna watu wanapata. Sijakataa, mkuu. Wapo, na ushahidi ninao: mwaka 2008 Betfair ilianzisha tozo ya ziada kwa wateja wanaoshinda mfululizo, na mwaka 2011 ikaipandisha hadi asilimia 60 kwa wale ambao faida yao ya maisha imepita pauni 250,000. Huwezi kuwatoza watu wasiokuwepo. Lakini hao wana roboti zinazoshika foleni mapema, mitaji inayobeba siku mbaya, na miaka ya kuzikariri mbio. Hawana kundi la Telegram lenye ofa inayoisha saa sita usiku, na ndiyo hao wanaokula pauni 100 zako wakati mwalimu anakula ada yako.

NYONGEZA 2: Kuna anayesema mwalimu wake ni tofauti, "wa kweli". Sawa. Mwambie atoe taarifa ya akaunti kutoka sokoni kwenyewe, mwezi mzima, mbio zote, safu ya kamisheni ikionekana, na arekodi akiifungua moja kwa moja, si picha. Akikubali niiteni nije nimwombe radhi hapa hapa. Wa kwangu nilimwomba hivyo hivyo akasema ni "siri ya biashara".

Na nyinyi mnaonifuata inbox mniuzie "kozi iliyoboreshwa kwa walioumizwa na kozi mbovu", acheni. Nimeshawaripoti watatu tangu asubuhi.