Jaribio la mtandaoni limeniita "mtawala wa mabavu wa kulia", sasa ukoo mzima unanisimanga

Wakuu, naandika nikiwa dukani na nikiwa na hasira, kwa hiyo mpangilio mtanisamehe. Mods, naomba uzi huu msiutupe kule kwenye utani na udaku. Hakuna utani hapa.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kwetu alitupia linki kwenye grupu la ukoo: "Pima mrengo wako wa siasa kwa dakika tano." Kauli hamsini na kitu, zote zimetafsiriwa na mashine, Kiswahili chake ukikisoma unahisi unatafuna kokoto. Kila kauli ina majibu manne: nakubali sana, nakubali, sikubali, sikubali kabisa. Hakuna "inategemea". Usiku ule mvua inanyesha, umeme umekatika, nikajibu zote. Mwisho nikaletewa mraba wa rangi nne (kulia ni soko huru, kushoto ni ujamaa, juu ni ubabe, chini ni uhuru wa mtu) na kidoti chekundu kona ya juu kulia: MTAWALA WA MABAVU WA KULIA. Mimi! Muuza vipuri vya pikipiki hapa Mbuyuni, Moshi, ambaye bodaboda wananikopa plagi na kunizimia simu!

Ngoja niwaeleze huo utawala wangu umetoka wapi.

Kauli iliyoniponza kwanza inasema ardhi haipaswi kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Ardhi ipi? Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo kule Uru, walikozikwa babu na baba katikati ya migomba, hakiuzwi. Thubutu kumleta mnunuzi uone, wazee watakuitia kikao hata hajashuka kwenye gari. Lakini kiwanja changu cha Pasua nimekinunua kwa mafungu, miaka mitatu nakula maharage. Na juu ya yote hayo, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini, sisi wengine tuna haki ya kuitumia tu. Sasa hapo nibonyeze wapi? Nikakumbuka yale maharage, nikabonyeza "sikubali". Kidoti kikasogea kulia.

Ikaja ya serikali kutoingilia biashara ya mazao. Jamani, unamuuliza hivyo mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro? KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa huku kwetu, ilianza 1933. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika nchi nzima, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Marehemu baba alilisimulia hilo jambo kila tukichuma kahawa, mpaka mama akawa anamwambia "baba fulani, tumeshasikia". Nikabonyeza "nakubali sana" kwa heshima yake. Mashine ikaelewa kwamba nawapenda mabepari! Ushirika si serikali wala si tajiri mmoja, ni wakulima na mizani yao. Moshi ina chuo kikuu kizima kinachofundisha ushirika, lakini kwenye mraba ule ushirika haujapewa hata pa kuweka unyayo.

Ya kusaidia wanyonge kwa hiari badala ya serikali naipita haraka, maana kila mmoja wenu ana kadi tatu za harusi mezani na anajua michango ya kwetu ni hiari ya namna gani. Kodi unaweza kuichelewesha, lakini jaribu kuchelewesha mchango wa msiba wa shemeji yako.

Ubabe sasa. Nimeulizwa kama jamii ina haki ya kumwadhibu mtu anayekwepa kazi ya pamoja. Ndiyo, inayo! Waliokulia juu kule mlimani wanaujua mfongo, mfereji wetu wa maji. Maji yanatoka mtoni juu, yanashuka kwa mfereji uliochimbwa na mababu, yanaingia kwa zamu kihamba hadi kihamba. Siku ya kuzibua usipotokea unalipa faini, usipolipa utakuja kuomba maji ukiwa umepiga magoti. Hakuna polisi hapo, hakuna rais. Ni majirani. Huo nao mashine imeuita mabavu.

Nikaanza kutafuta huu mraba umetoka kwa nani. Kumbe kushoto na kulia ni habari ya viti vya bunge la Ufaransa mwaka 1789, waliomtetea mfalme walikaa kulia kwa mwenyekiti, wapinzani wao kushoto. Basi! Na ile ya kuchora mistari miwili badala ya mmoja imevumishwa sana na Mmarekani David Nolan, aliyechora mchoro wake 1969, halafu 1971 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha Libertarian, kinachotaka serikali isiingilie soko wala maisha ya mtu. Yaani mtu anachora ramani, kisha anajenga kwenye kona aliyoichora mwenyewe. Haki yake. Ila mfongo wetu hakuwahi kuuona.

Yote haya ningeyacheka na kulala. Kilichonitoa povu ni Jumapili. Katibu wa ukoo, mtoto wa baba mdogo, katangaza mchango wa kutengeneza mfongo unapanda mara mbili. Nikauliza kwa adabu kabisa: mdogo wangu, ule wa mwaka jana umetumikaje, tusomee mapato na matumizi. Jibu lake: "Kaka, tulishajua wewe ni wa mabavu, hata jaribio limesema." Na vikatuni vya kucheka saba. Shangazi naye akaandika, "Mwanangu, punguza ukali." Mada ikafa hapo hapo. Nimeuliza hesabu, nimejibiwa kwa kidoti!

Na yeye katibu kapata nini? "Mjamaa wa kushoto." Ana vyumba sita vya kupangisha na anadai kodi ya miezi sita mkononi. Azimio la Arusha la 1967, hapo jirani tu, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa au mishahara miwili. Wale waliupima ujamaa kwa kuangalia una nini. Huyu kapimwa kwa kubonyeza.

Halafu kabla ya kuonyeshwa majibu tulidaiwa namba ya simu, umri na wilaya. Tukajaza, shangazi akiwemo. Mnakumbuka sakata la Cambridge Analytica, ile kampuni ya kampeni za siasa, lililolipuka 2018? Lilianzia kwenye jaribio la tabia huko Facebook, lililojibiwa na watu kama 270,000, taarifa zilizochotwa zikafika hadi za watu milioni 87, maana lilichota na za marafiki. Tangu nijaze, meseji za mikopo na za "ile hela itume kwenye namba hii" zimeongezeka. Sina ushahidi kwamba ni wao. Nasema tu zimeongezeka.

Nyongeza: mnaouliza linki, siweki. Anayesema nirudie labda nitatoka kushoto, nimerudia jana, safari hii nikiwaza kihamba badala ya kiwanja. Nimetoka "wa kati". Nimeituma kwenye grupu na swali langu lile lile la mapato na matumizi. Tiki mbili za bluu tangu saa mbili asubuhi, katibu hajajibu.