Storms of Life ya Randy Travis: kantri ya asili ilirudi, au ni biashara tu?

Mleta mada, Eldoret
Wadau, nasimama na wanaosema albamu hii ya 1986 ndiyo iliyoirudisha kantri nyumbani. Nashville, kitovu cha kantri Marekani, wakati huo ilikuwa imejaa vinanda vya umeme na mapigo ya pop. Travis, kijana wa Marshville, North Carolina, alikuwa akipika na kuosha vyombo kwenye klabu moja ya Nashville, iitwayo Nashville Palace, na usiku anapanda jukwaani. Kampuni za rekodi zikamkataa, eti kantri yake imezidi! Warner Bros. wakamchukua. Wakatoa wimbo wake On the Other Hand mwaka 1985, ikakwama nafasi ya 67 kwenye chati za kantri. Wakaitoa tena 1986, ikafika namba moja. Wimbo ni uleule. Watu walikuwa na njaa.

Mchangiaji, Arusha
Mkuu, mbona umeruka? Katikati hapo ilitoka nyimbo yake nyingine, jina lake 1982, ikaingia kumi bora, redio zikamzoea. Ndipo wakairudisha ile ya kwanza. Hiyo ni hesabu ya wauzaji, wala si njaa. Halafu waimbaji Ricky Skaggs na George Strait walishaanza na fidla zao mapema miaka ya 80. Travis alikuta mlango uko wazi.

Mleta mada
La wimbo wa 1982 nimelikubali, nilirahisisha. Lakini mlango ukiwa wazi si kila mtu anaingia. Sikiliza On the Other Hand: mume wa mtu anavutwa na mwanamke mwingine, halafu anaikumbuka pete kidoleni. Mwingine angelia hapo. Yeye sauti inateremka tu mwisho wa mstari, nzito, kama mtu anayetua gunia bila kutaka kuamsha watoto. Wapigaji nyuma yake wanamwachia nafasi.

Mchangiaji, Mombasa
Bado ni kumbukumbu za Wamarekani na mashamba ya babu zao.

Mleta mada
Basi sisi je? Mama yangu hana babu North Carolina, ila Jumapili baada ya kanisa hakuna wa kugusa redio mpaka kantri iishe. Sir Elvis, Mkenya mwenzetu, amejijengea jina kwa muziki huohuo. Tunakumbuka nini sisi? Ni ile sauti.

Mchangiaji, Arusha
Kama ni sauti, nijibu hili. Travis alipata kiharusi 2013, hawezi tena kuimba kama zamani. Mwaka 2024 ukatoka wimbo Where That Came From: aliimba mwimbaji mwingine, James Dupré, kisha akili bandia ikaivika sauti ya Travis, kwa ridhaa yake mwenyewe. Sauti unayo. Mvuto unao?

Mleta mada
Umenibana, ndugu. Nimeusikiliza mara tatu. Sauti ni yake kabisa, mama hata hakushtuka. Mimi nilikuwa nasubiri ule mteremko, na ulipokuja sikujua nimsifu Travis au Dupré.