Mjadala: mtembea kwa miguu apandishwe daraja au gari lipunguze mwendo?

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tujadili hili bila matusi. Kila mtu akigongwa kwenye barabara kubwa hapa Dar, kesho yake wananchi wanataka tuta, wengine wanasema hapana, lijengwe daraja la juu watu wapande ngazi, na asiyepanda akigongwa shauri yake. Hiyo "shauri yake" ndo inanikera.

Daraja la ngazi linamfaa mwenye magoti mazima. Bibi wa miaka 70 akishushwa na daladala na kiroba chake cha unga hapandi zile ngazi, atasimama ukingoni anavizia upenyo, akiupata anavuka kwa mwendo wake uleule. Wa kiti cha magurudumu ndo kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza ngazi anapanda freshi tu, ila barabarani hajui kupima gari liko mbali kiasi gani na linakuja kasi gani, halafu ni mfupi, akichomoka nyuma ya bajaji iliyopaki dereva haoni hata begi. Na hapo dereva yuko 50 kwa saa, spidi halali kabisa ya mjini, akichelewa sekunde moja kukanyaga breki ashakula mita 14. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ajalini ni wa miguu, baiskeli na pikipiki. Wote hao shauri yao?

Dereva wa Mbezi: Mkuu unaongea kama hujawahi kushika usukani. Morogoro Road kuanzia Kimara hadi Kibaha ni njia nane, malori ya Zambia na Kongo yote yanapita hapo, unataka kila kituo tuta? Na tuta lisilo na rangi wala alama usiku linarusha watu wa boda. Bibi simlaumu. Namlaumu kijana wa miaka 20, daraja liko juu ya kichwa chake na yeye anakatiza chini earphone masikioni.

Wa Nairobi: Thika Road ilifunguliwa 2012, madaraja ya watu wa miguu yapo na watu bado wanakatiza chini. Polisi wakishika wachache, kesho ni yaleyale. Mtu ameshukishwa na matatu hapa, daraja liko kule, si atakatiza tu? Na usiku ukipanda huko juu simu inaenda.

Mama wa wawili: Jamani nyie mmekomalia haiwei. Huku mtaani kwetu barabara ilipokuwa ya vumbi mashimo yenyewe ndo yalikuwa matuta, imewekwa lami sasa boda wanapita kama mshale na watoto wanaenda shule pembeni humohumo maana njia ya miguu hakuna, mbele ya duka machinga kapanga viatu, inabidi mtoto ashuke kwenye lami.

Mleta mada: Mama umemaliza. Dereva, hiyo ya njia nane nakupa, pale daraja liwepo, ila liwe na mteremko siyo ngazi tupu, na kituo kiwe chini ya daraja palepale. Lakini usichukue hoja ya Kibaha ukaileta mtaani. Shirika la Amend lilifanya mradi wa SARSAI kwenye shule za msingi humuhumu Dar: njia ya miguu, matuta, zebra, alama, hata geti la shule kuhamishwa lisitoe watoto moja kwa moja barabarani, na 2019 ukachukua tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross. Hizo si hela za daraja. Na kwenye mataa, hesabu ya kawaida ni mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde, barabara ya mita 14 unapewa sekunde 12 hivi, sasa kamwambie hayo mzee wa mkongojo.

Dereva wa Mbezi: Geti la shule sibishi, hata spidi 30 poa. Ila boda hapandi tuta, anapita pembeni yake. Huyo mtamfanyaje?

Mleta mada: Kwa sababu tuta linaishia kabla ya ukingo, wanaacha nafasi maji yapite, na ndo kanjia kake. Weka nguzo mbili fupi hapo, maji yatapita, boda hapiti.

Mama wa wawili: Nguzo za chuma? Wiki haiishi ziko kwa muuza skrepa. Mwageni zege.