Naomba ushauri: kufika Lamalera, kisiwa cha Lembata (Indonesia)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa anayeifahamu Indonesia ya mashariki.

Tunapanga kwenda Lamalera, kijiji cha wawinda nyangumi kusini mwa Lembata. Msimu wao ni Mei hadi Oktoba na Jumapili hawaingii baharini, hivyo tumechagua Julai. Pia ni kiangazi, barabara inapitika. Njia: ndege hadi Maumere (kisiwa cha Flores), basi hadi bandari ya Larantuka, boti hadi Lewoleba (mji mkuu wa Lembata), kisha lori la abiria hadi kijijini. Pesa taslimu tutatoa Lewoleba. Malazi ni nyumba za familia; tumetuma ujumbe, kimya.

Tulipokwama:

Boti ikichelewa, lori la kijijini huwa linasubiri abiria, au tulale Lewoleba tukodi pikipiki asubuhi?

Na mgeni akitaka kupanda chombo chao, anaomba ruhusa kwa nani? Vyombo ni mali ya ukoo, sidhani nahodha peke yake anatosha. Mpiga chusa (mkuki wa kuwindia nyangumi) huruka nacho kutoka omoni, yaani mbele ya chombo, na kamba yake hutoka kwa kasi ya kukata mguu, kwa hiyo nataka kujua pia mgeni hukalishwa wapi.

Natanguliza shukrani.