PS2 ya diski kuu ndani, dola 90: nitumie waya gani?

Kijana_Katuba
Bakubwa wa humu, salamu toka Lubumbashi. PS4 ninayo, ila moyo umebaki kwenye PS2, mashine ya gemu ya zamani: mpira wa PES 6, mapigano ya Tekken 5, San Andreas, God of War II. Nimepata moja, namba ya modeli SCPH-77004, imefungwa diski kuu ya GB 500 ndani, gemu zimejaa, maneti mbili (vidude vya mkononi vya kuchezea), kadi ya kumbukumbu ya MB 8. Bei dola 90. Televisheni yangu ni bapa, tundu lake ni HDMI tu. Nitumie waya gani? Jibu la haraka tafadhali.

Fundi_Maneti
Tafuta kile kidude kinachochomekwa nyuma ya PS2, upande mmoja tundu la HDMI, upande mwingine waya mdogo wa USB wa kukipa umeme. Huo wa USB unauchomeka mbele ya PS2 yenyewe. Lakini kwanza tumia waya wa manjano kwenye televisheni ya jirani, ingia kwenye menyu ya PS2, System Configuration, Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukiacha RGB, mara nyingi rangi zinakuja za ajabu, kijani mtupu, na watu wanasema kidude kibovu. Kisha televisheni iweke kwenye Game Mode, la sivyo unabonyeza teke sasa hivi na Kazuya wa Tekken anarusha mguu baadaye. Picha iache 4:3, usiivute.

Usitegemee picha ya PS4. Kidude kinabadilisha tundu, hakiongezi uzuri.

Castolo_wa_Kenya
Waya achana nayo, tuongee PES 6. Hakuna mpira uliotengenezwa kama ule tangu 2006. Mpira haujagandishwa mguuni: ukikimbia na kitufe cha R1 unakutangulia hatua moja, beki mwenye akili anauchukua. Kwenye Master League, ligi ya kujenga timu yako, unaanza na Ivarov golini, Minanda na Ximelez katikati, Castolo mbele, wote wazito, na unalazimika kujifunza kupiga pasi kabla ya kupata hela ya kununua mtu. Leo unafungua pakiti, unapewa nyota, umejifunza nini?

Ila usiichezee kwenye kadi ya MB 64 au 128 zisizo za Sony. Zile zinasahau. Unafika ligi daraja la kwanza, kesho kadi inasema haijafomatiwa.

MamaTekken
Castolo, rudi kwako. Tekken 5 ndiyo pesa iliyolipa: ndani ya diski ileile kuna Tekken 1, 2 na 3 za mashine za arcade. Gemu nne, DVD moja. Na wewe Kijana, ukiona kwenye orodha yake Time Crisis 2 na bunduki yake, usiongeze hata franka: ile bunduki inasoma mwanga wa televisheni za mgongo. Kwenye bapa unapiga hewa.

Ruashi_Bisibisi
Ninyi wote mmepita pembeni. 77004 ni ile nyembamba, na nyembamba haina chumba cha diski kuu. Chumba kiko kwenye zile nene, 30000 hadi 50000, tena lazima network adapter iwe nyuma, ndiyo inayoshika diski. Huyu kijana ama hajaishika hiyo mashine, ama uzi ameutunga ili tubishane. Mimi nasema umetungwa.

LehemuTu
Haki yako mukubwa, isipokuwa 70004: hiyo alama za IDE, njia ya kuunganisha diski kuu, ziko kwenye ubao, mtu mwenye mkono mzuri analehemu waya. Kuanzia 75004 hapana. Kwa hiyo 77004 yenye diski kuu ndani ni maneno matupu.

Castolo_wa_Kenya
Labda diski imewekwa juu yake kama kofia 😂

Kijana_Katuba
Sijatunga. Namba nimeisoma kwenye picha ya boksi.

Ruashi_Bisibisi
Boksi. Na mashine yenyewe iko wapi?

Kijana_Katuba
Likasi.

MamaTekken
Umetuma kiasi gani?

Kijana_Katuba
Nusu. 45 ilienda kwa simu juzi, iliyobaki natuma leo jioni. Muuzaji ni mtu mzima, ananiita mdogo wangu, anajibu kila mara. Boksi linaweza kuwa la mashine nyingine, hilo halimfanyi mwizi. Na bei hiyo kuipata tena si rahisi. Ndiyo maana nauliza waya tu.

MamaTekken
Mutoto wangu, mtu mwenye haraka ya jioni ni wewe au ni yeye?

Fundi_Maneti
Mkitaka kumhukumu muuzaji, subirini. Kijana, omba video moja isiyokatwa, jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Aonyeshe kwanza kibandiko cha namba: kwenye nene kiko nyuma, kwenye nyembamba kiko chini. Asome pia volti. 50004 ni ya 220-240, sawa kwetu. Ikiwa ni 39001 ya Marekani, hiyo ni ya volti 120, na bila transfoma unachoma fyuzi siku ya kwanza.

Halafu aiwashe bila diski, na kwenye menyu ya mwanzo abonyeze pembetatu. Toleo la mashine linatokea. Kisha aweke diski ya gemu, na hapa ndipo wengi wanadanganywa: iwe orijino. Diski ya kunakili ikikataa kwenye mashine isiyo na chipu (ile ya kuiruhusu isome nakala), lensi haina kosa. Aanze na ya mgongo wa bluu, hiyo ni CD, afuate ya fedha, DVD. Mwisho God of War II, kwa sababu ni ya tabaka mbili na lensi iliyochoka inaanguka hapo. Baada ya hapo afungue OPL, programu ya kuchezesha gemu zilizo kwenye diski kuu, achezeshe gemu moja toka diski kuu dakika 20, mashine ipate joto.

LehemuTu
Ongeza: kama anasema gemu ziko kwenye USB na si ndani, hiyo ni USB 1.1. Mchezo unaenda, ila filamu za katikati zinakatika-katika. Hiyo si ya dola 90.

Ruashi_Bisibisi
Bado nasema imetungwa. Ila video itatuambia.

Kijana_Katuba
Amejibu. Ni nene kumbe, 50004, boksi ni la mdogo wake. Video atatuma umeme ukirudi. Anasema CD inasoma vizuri, DVD ndiyo "inagoma kidogo".

Fundi_Maneti
Kugoma kidogo ni lensi. Inaweza kuwa vumbi tu: pamba na alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, reli zipakwe grisi nyeupe kidogo. Isipopona, kuna gurudumu dogo jeupe la plastiki linaloinamisha lensi. Weka alama kwa kalamu kabla ya kuligusa, zungusha jino moja, jaribu, jino moja tena. Likienda mbali sana diski inachubuka duara. Vile viskurubu viwili kwenye lensi yenyewe usiviguse, vinaongeza nguvu ya leza na inakufa mapema. Na huyo mzee ashushe bei.

MamaTekken
Au arudishe 45.

Kijana_Katuba
Aksanti, yaya. Na hiyo lensi mpya, ni KHS-400C? Huku Lubumbashi naipata wapi?