Siku za mwisho Kariakoo: nimtembeze mama wapi kabla hatujahamia Chanika?

BintiJangwani (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, usingizi umenipaa.

Mwisho wa mwezi tunahama Kariakoo. Nyumba ni ya marehemu baba, zile za zamani za vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, upande wa Jangwani, si mbali na Mtaa wa Twiga. Mama aliletwa pale akiwa bibi harusi, na sisi wote tumezaliwa pale. Tunakwenda Chanika, nimeshajenga.

Nataka kabla gari la mizigo halijaja mama aufaidi mtaa wake mara ya mwisho. Amevuka sabini, magoti yanamsumbua, jua kali haliwezi. Nimefikiria Mnazi Mmoja jioni, lakini sijui kama atafurahi. Niambieni wapi, saa ngapi, na tukale nini. Na jingine: mtu mzima kama huyu anawaagaje majirani bila kuumia? Au bora asiage, tuondoke tu kimya kimya? Nawasilisha.

MzeeWaGerezani
Binti, mtoe Jumapili asubuhi, saa moja hivi. Msimbazi inapitika, fremu nyingi bado zimefungwa, mikokoteni michache. Siku za kazi usithubutu, atakanyagwa na wabeba mizigo. Anzeni na supu na chapati, halafu mpitishe taratibu mpaka sokoni, alione lile jengo kwa nje. Alilichora Beda Amuli, mwenzetu, likafunguliwa 1975, na yale mapaa yake yaliyokaa kama miavuli watu walikuwa wanakuja kuyashangaa. Mimi nikitumwa shimoni, soko la chini ya jengo, kununua viazi, nikipanda ngazi na gunia najiona mwanamume kamili. Julai 2021 lilipoungua nililia kama nimefiwa.

Sisi kota zetu za Gerezani zilivunjwa kupisha mwendokasi. Hatukupata muda wa kutembezana. Mama yangu alihamia Mbagala, na kila akiota ndoto anasema alikuwa Gerezani anachota maji. Kwa hiyo unalolifanya ni jema sana.

SautiYaMsimbazi
Swali moja kabla sijashauri: mama Simba au Yanga?

BintiJangwani
Yanga. Siku ya ubingwa anatoa kiti mlangoni na khanga ya njano begani, vijana wakitoka klabuni wanampigia saluti.

SautiYaMsimbazi
Basi Chanika inamfaa, apumzike 😂. Natania mama yangu. Mpeleke pale klabuni apigwe picha langoni, iwekwe fremu sebuleni kwenye nyumba mpya. Klabu ya 1935 ile, mama naye ni wa kutunzwa.

MkaziWaChanika
Karibuni sana. Hewa nzuri, kuku wanatembea. Ila ukitaka kuwahi mjini, amka saa kumi alfajiri, na foleni ya Gongo la Mboto itakufundisha subira. Unasema mara ya mwisho? Kariakoo hakuna mara ya mwisho, dada. Hata misumari utaifuata huko huko.

DadaHawa
Mimi kuna kitu kinanisumbua. Umeuliza kama ni bora mama asiage. Mtu anayehama huaga. Mtu wa makamo yake ana kijumbe wa upatu, ana shoga wa msikitini, ana watu wa kuombana radhi. Mwenyewe anasemaje?

BintiJangwani
Mama ni mtu wa kukubali mambo. Tusiende mbali, nimeomba mawazo ya matembezi tu.

DadaHawa
Sijaridhika. Amekubali nini hasa?

MamaUpatu
Mimi nashauri baraza la kahawa usiku, baada ya isha. Yule muuzaji akishatua birika lake la shaba, mkaa unawaka chini, vikombe anavisuuza kwenye kindoo na kuvigonganisha mpaka unajua amefika bila kumwona. Kashata mbili, kikombe kimoja, magoti yatapona. Marehemu mume wangu alinichumbia kwa kutuma kashata kupitia kwa mdogo wangu, mdogo wangu akawa anazila njiani. Nimechelewa kuolewa mwaka mzima kwa sababu ya yule mtoto.

DadaHawa
MamaUpatu Mungu amrehemu. Mleta mada, swali langu bado lipo.

BintiJangwani
Haya. Mama anajua tunahama kwa muda, nyumba ifanyiwe ukarabati. Hajui kama imeuzwa.

Kabla hamjanishambulia, nisikilizeni. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Kaka zangu wote walitaka kuuza, wa mwisho kabisa alikuwa mimi. Jirani alipochimba msingi wa ghorofa, ukuta wetu wa chumbani kwa mama ulipasuka, leo kiganja changu kinapenya mle. Mvua ikinyesha tunapanga ndoo korido nzima. Novemba 2024 lile ghorofa lilipoporomoka Kariakoo watu wakanasa chini, mama hakulala siku kadhaa, kila lori likipita anashika ukuta. Fremu za mbele zimemeza baraza, mlango wenyewe unazibwa na marobota, siku ya kliniki Mnazi Mmoja tunamtoa kama tunapitisha kabati. Kule Chanika nimemwekea choo ndani, sakafu isiyoteleza, mwembe nje. Nikimwambia imeuzwa atagoma, na akigoma atabaki chini ya ule ukuta.

Ustadh_Kinondoni
Assalaam alaykum. Dada, sababu zako zina uzito, lakini umeruka jambo. Mama ni mrithi. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, moja ya nane, Qur'ani imeitaja, haingojei huruma ya watoto. Wewe msimamizi ni mwangalizi tu wa mali za watu, na unawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu za mgawanyo. Mnunuzi mwenye akili hudai ridhaa ya warithi wote kwa maandishi. Ya mama mliipataje?

FundiBati
Kwani lazima kuuza? Kariakoo siku hizi watu wanaingia ubia. Tajiri anajenga, familia inapewa fremu na vyumba kadhaa juu.

BintiJangwani
Ubia tuliujadili. Unahama miaka, ukirudi unapewa chumba ghorofa ya saba, lifti ikifa mama ndiyo hashuki tena. Nilikataa mimi mwenyewe.

Ustadh, mama aliweka dole gumba kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo. Kaka alimwambia ni karatasi za kodi ya jengo. Mimi nilikuwepo.

Mchambuzi_Huru
Wakuu, hii chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hakuna anayesaini karatasi wala kuweka dole. Mtu ameishi Kariakoo maisha yake yote halafu halijui hilo? Na mnunuzi alipokuja kupima kiwanja mama alidhani ni nani, malaika? Mleta mada ametunga, anakusanya maoni tu. Taja mtaa na namba ya nyumba.

SautiYaMsimbazi
Aisee hapo kwenye LUKU amebanwa.

MkaziWaChanika
Mimi nilishamkaribisha kabisa, nimeanza kumwonea huruma mama wa watu. Kama ni chai nirudishiwe machozi yangu.

BintiJangwani
Mtaa sitaji, mama yangu ana wapangaji na wapangaji wana simu. LUKU ananunua mpangaji wa chumba cha mbele, tunakatana kwenye kodi. Mama hajawahi kushika risiti ya umeme. Anachokumbuka ni zamani, baba alipokuwa anakwenda kulipa mwenyewe na kurudi na karatasi anaipachika msumarini. Ndiyo maana kaka alichagua neno hilo. Waliokuja na futi aliambiwa ni watu wa manispaa, akawapikia chai ya maziwa.

DadaHawa
Mchambuzi, mtu anayetunga hujitafutia sifa. Huyu kila akijibu anajipaka tope zaidi. Mimi namwamini. Na hata usipomwamini, nyumba za mtindo huu zinauzwa kila siku na kuna mama wengi uani hawajui.

Mchambuzi_Huru
Mimi nasimama palepale. Chai.

MzeeWaGerezani
Nafuta niliposema ni jambo jema. Utamshika mkono sokoni anacheka, anamwambia muuza nazi "tutaonana nikirudi", wewe umesimama pembeni unajua harudi. Sisi tulivunjiwa na serikali, lakini mama yangu alilia akijua analia nini.

Ustadh_Kinondoni
Na kisheria uelewe: ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu aliyedanganywa anaweza kuitengua, Sheria ya Mikataba inasema hivyo. Leo mama akifikishiwa habari na jirani, keshokutwa yuko mahakamani na wewe ndiye wa kwanza kuitwa, kaka zako watakuwa mashahidi. Malipo yamefikia wapi?

BintiJangwani
Ya kwanza tumepokea, ndiyo niliyoezekea Chanika. Ya mwisho ni siku ya kukabidhi funguo.

Nimeamua nitamwambia Jumapili hiyohiyo, tukisharudi kwenye matembezi, akiwa ameshiba na amefurahi.

DadaHawa
Mwambie kabla. Akijua, yeye ndiye atakayekuonyesha pa kumpeleka. Huenda hataki Mnazi Mmoja wala klabuni. Huenda anataka kwenda kwa mwanamke fulani Mtaa wa Pemba waliyenuniana miaka. Wewe utalijuaje hilo?

BintiJangwani
Nikimwambia kabla hatatoka ndani.

DadaHawa
Basi asitoke. Nyumba yake.

MamaUpatu
Mwite na shoga yake mmoja akae naye siku hiyo. Usiwe peke yako na kaka zako. Na simu ya mama iwe na salio, atataka kupiga.

BintiJangwani
Shoga yake yupo, wanaswali pamoja Mtoro. Nitamtafuta Ijumaa kabla kaka mkubwa hajafika kutoka Tanga.

Ustadh, swali la mwisho. Hiyo thumni inapigwa kwenye bei yote, au baada ya kutoa pesa ya dalali na niliyoweka kwenye bati?

Ustadh_Kinondoni
Kwanza hutoka gharama za mazishi, madeni ya marehemu na wasia kama upo, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Dalali wenu si deni la marehemu. Bati za Chanika ni zako, kazitoe kwenye fungu lako. Na ya mama iingie kwenye akaunti yenye jina lake, kabla ya funguo.